Simu za Wafanyakazi Kwenye Wi-Fi ya Ofisi: Zipe Mtandao Wao wa Kando

Ofisi nyingi ndogo za Kisumu zina ruta moja na nywila moja. Humo humo imo kompyuta ya mhasibu, printa, kamera za usalama, simu za wafanyakazi, simu ya mgeni aliyekuja kungoja hundi, na pengine simu za duka la jirani. Simu ya mtu si mbaya kwa sababu ni yake. Shida ni kwamba ofisi haijui ina nini ndani wala jana ilishikwa na nani, wala mtoto nyumbani alipakua mchezo gani. Kisha asubuhi simu hiyo inaingia mtandao mmoja na kompyuta yenye daftari la wanachama wa Sacco.

Wakuu wakishtuka huanza na marufuku: simu zisiingie kwenye Wi-Fi. Marufuku ya namna hiyo hudumu wiki, halafu mtu mmoja anamnong'onezea mwenzake nywila na mambo yanarudi yalikokuwa. Mimi napendelea kutenganisha. Simu zipate intaneti, tena nzuri, ila zisizione kompyuta za kazi. Mwongozo huu ni wa zahanati, Sacco, ofisi ya wakili au shule ambayo haina fundi wa kompyuta wa kudumu. Hatua za kwanza unazimaliza mchana mmoja. Zile za mwisho zinahitaji kikao na watu, na hizo ndizo ngumu.

Hatua ya 1: Jua nani yumo

Kwenye kompyuta iliyounganishwa na ruta, fungua kivinjari na uandike anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Ingia, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uinakili kwenye karatasi.

Usitarajie majina ya kueleweka. Utaona TECNO, Infinix, neno android likifuatwa na mkia wa tarakimu, na mistari mitupu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu nyingi hujibunia anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao, kwa kila mtandao, kwa hiyo tarakimu za mwanzo hazikuambii tena ni kifaa cha kampuni gani. Pita meza kwa meza. Kila mtu afungue maelezo ya Wi-Fi kwenye simu yake akusomee anwani, nawe uweke alama kwenye karatasi. Mistari itakayobaki bila mwenyewe ndiyo ya kufuatilia. Mmoja utakuta ni runinga ya mapokezi, mwingine ni simu ya pili ya mtu. Ukibaki na kifaa ambacho hakuna anayekijua, usihangaike nacho sasa, kitaanguka chenyewe katika hatua ya 3.

Watu huuliza kama haitoshi kuiambia ruta ikubali anwani fulani za MAC tu. Haitoshi. Anwani hizo hurushwa hewani bila kufichwa, na mwenye nia mbaya huzisikiliza na kujivika mojawapo. Utajichosha kuandikisha simu mpya kila wiki na hutakuwa umemzuia yeyote.

Hatua ya 2: Funga ruta yenyewe

Ruta ina nywila mbili, na wengi hawalijui hilo. Ya kwanza ni ya Wi-Fi. Ya pili ni ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta, na anayeijua anaweza kubadilisha lolote, hata kuelekeza kompyuta zako zote kwenye tovuti bandia ya benki. Kwa kawaida nywila hiyo imeandikwa kwenye kile kibandiko cha chini, na ruta iko juu ya kabati la mapokezi, ambapo mgeni yeyote anaweza kuigeuza na kupiga picha. Anza na hiyo. Ibadilishe, iandike kwenye karatasi, uifungie pamoja na vitabu vya hundi.

Kisha nenda kwenye usalama wa Wi-Fi. Hapo huchaguliwa namna ya kuyafumba mawasiliano ili asiye na nywila asiyasome. Chagua WPA3 au WPA2 yenye AES. Kama printa ya zamani inakataa WPA3, chagua ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukiona WEP, iache, ilishavunjwa tangu 2001. TKIP, njia nyingine ya zamani, nayo iache.

Zima WPS. Hiki ni kile kitufe cha kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, na nyuma yake kuna PIN ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba ruta huikagua PIN hiyo kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutoka kwa nyingine. Basi badala ya mamilioni ya majaribio, anayeikisia anahitaji takriban 11,000 tu. Kompyuta inaifanya kazi hiyo usiku mmoja au siku chache, kulingana na ruta.

Sasa nywila ya Wi-Fi. Itunge sasa, utaiweka katika hatua ya 3. Mwizi hasimami mlangoni akikisia. Anakaa ndani ya gari barabarani, ananasa ile sekunde ambayo simu inajiunga na WPA2, kisha anaenda nyumbani na kuiachia kompyuta ijaribu maneno mengi kwa kasi bila ruta yako kujua lolote. Ndiyo maana jina la ofisi likifuatwa na mwaka halifai. Gor Mahia ikifuatwa na tarakimu chache haifai pia, hata kama ofisi nzima ni mashabiki. Sisi wa magharibi tuna mtaji wa lugha, tuutumie: neno moja la Kidholuo, moja la Kiluhya, moja la Kiswahili, moja la Kigusii, yasiyohusiana kabisa, yasiwe salamu wala methali. WPA2 inapokea herufi 8 hadi 63. Lenga 16 kwenda juu.

Hatua ya 3: Fungua mtandao wa pili

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi tafuta palipoandikwa Guest, yaani mgeni. Washa mtandao huo, upe jina tofauti kabisa na lile la ofisi, upe nywila yake, na uhakikishe mambo mawili: kwamba umezuiwa kuufikia mtandao wa ndani, na kwamba vifaa vilivyomo haviwezi kuonana. Chaguo hili la pili ruta nyingi huliita AP Isolation.

Gawanya hivi. Kwenye mtandao mkuu zibaki kompyuta za ofisi, printa na seva kama ipo. Kwenye mtandao wa pili ziende simu zote, vishikwambi, vipakatalishi vya watu binafsi, runinga, na wageni. Kipakatalishi cha mtu binafsi kisipewe heshima ya pekee kwa sababu kinafanya kazi za ofisi. Vingi vinatumia Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kamera za usalama na mashine ya kulipia kwa kadi zingependeza ziwe na mtandao wa tatu, kama ruta yako inaruhusu.

Usiubadilishe mtandao mkuu siku hiyo hiyo. Fungua wa pili kwanza, utangaze jina na nywila yake, watu wahamie. Kesho yake, kabla ofisi haijafunguliwa, badilisha nywila ya mtandao mkuu. Kila simu iliyokuwamo itaanguka, pamoja na ile ya duka la jirani na kile kifaa kisicho na mwenyewe. Mtu mmoja tu ndiye aandike nywila mpya, na aiandike kwenye kompyuta za kazi peke yake. Kompyuta inayofikiwa na kebo ipe kebo, haihitaji Wi-Fi. Na wafanyakazi wasiingie kwenye Windows kwa akaunti ya msimamizi, kwa sababu akaunti hiyo inaweza kuisoma nywila ya Wi-Fi iliyohifadhiwa.

Nywila ya mtandao wa pili itavuja. Kuanzia Android 10, simu iliyokwisha kujiunga inaweza kumpa mwingine nywila kwa kumwonyesha msimbo wa QR, bila hata mwenye simu kuijua. Acha ivuje. Tumeujenga mtandao huu ili kuvuja kwake kusimguse mhasibu. Ukiibadilisha kila mwezi na kuibandika pale mapokezi, inatosha.

Tatizo litakuja kutoka juu. Mwenyekiti atasimama mlangoni na kusema, "Kijana, mimi si mgeni hapa. Nipe ile ya ofisi." Usibishane naye kuhusu usalama. Mwambie, "Mwenyekiti, hiyo nyingine ndiyo yenye kasi," na iwe kweli. Mtandao wa pili ukibanwa hadi video haifunguki, watu watautafuta mkuu kwa mlango wa nyuma. Simu ya mkubwa ndiyo yenye barua pepe nyeti kuliko zote, ndiyo husafiri zaidi, na ndiyo wadogo huogopa kuikagua. Ikiwepo simu moja ambayo sitaki kuiona kwenye mtandao mkuu, ni hiyo.

Kisha jaribu. Ukiwa na simu kwenye mtandao wa pili, andika kwenye kivinjari anwani ya printa, halafu anwani ya ruta. Zisifunguke. Zikifunguka, una majina mawili ya mtandao ule ule, na ruta za bei ya chini hufanya hivyo. Pia kuna vifaa ambavyo vikiwekwa kama vya kurusha Wi-Fi tu nyuma ya ruta nyingine, utenganisho wake haufanyi kazi. Jengo lenye ghorofa mbili na swichi katikati, kile kisanduku cha kugawa kebo za mtandao, linahitaji VLAN, yaani kuugawa mtandao huo wa kebo katika mitandao iliyotengana. Mwite fundi umwambie hivyo hivyo: nataka VLAN mbili, moja ya kazi na moja ya simu, na zisionane. Asipoelewa unachosema, tafuta mwingine.

Watu watalalamika kwamba hawawezi tena kuchapisha kutoka kwenye simu. Waweke hati kwenye barua pepe ya mapokezi, ichapishwe pale. Ni usumbufu, na nakubali ni usumbufu.

Hatua ya 4: Tafuta ruta iliyofichwa

Ofisi ya mwisho kwenye ujia haipati mawimbi vizuri. Mtu amechoka kuomba, anashuka Oginga Odinga Street, ananunua kiongeza mawimbi cha bei nafuu, anakichomeka kwenye soketi ya mtandao ukutani nyuma ya kabati. Hana nia mbaya, anataka kufanya kazi. Lakini kifaa kile kinarusha mtandao mkuu wa ofisi, kwa nywila ya kiwandani, huku WPS ikiwaka, na kila ulichofanya katika hatua ya 2 na ya 3 kimepitwa kando.

Zunguka jengo zima ukiwa na programu ya kupima Wi-Fi kwenye simu. Jina usilolijua ambalo mawimbi yake yanaongezeka kadiri unavyokaribia chumba fulani, lifuate mpaka ulikute. Angalia pia kila soketi ya ukutani na kila kebo iliyotoka kwenye swichi. Soketi ambazo hazitumiki zichomolewe upande wa swichi.

Ukikikuta, usianze na barua ya onyo. Weka kwanza kirusha mawimbi cha ofisi upande ule, kikiwa na mitandao yote miwili. Baada ya hapo ndipo uandike kwamba ni mwiko kuchomeka kifaa chochote ukutani. Ukikataza bila kumpa mawimbi, atakificha vizuri zaidi.

Ukiwa bado umeshika simu, toka nje mpaka barabarani uone mawimbi ya ofisi yanafika wapi. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta kuliko 5 GHz. Kama mtandao mkuu unasomeka vizuri kwenye kituo cha matatu, uache kwenye 5 GHz peke yake ikiwa kompyuta zinaweza, au ruta isogezwe katikati ya jengo.

Hatua ya 5: Simu yenyewe

Hata ikiwa kando, simu bado inabeba siri za ofisi. Mfano wa kila siku: muuguzi anapiga picha ya fomu ya mgonjwa na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp ili daktari aliye mbali aione. Nia ni njema. Picha hiyo sasa imo kwenye matunzio ya kila mwanakikundi. Simu zenye nakala ya akiba ya picha zinaipandisha mtandaoni, na kishikwambi cha nyumbani kinachotumia akaunti ile ile kinaishusha, hadi mtoto anaikuta kati ya picha za sherehe. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Zimeni uhifadhi wa picha za kikundi cha kazi kwenye matunzio, wekeni ujumbe wa kutoweka, na aliyekwisha kuacha kazi atolewe kikundini siku hiyo hiyo.

Mengine ni mafupi. Skrini ifungwe kwa PIN ya tarakimu 6, maana ule mchoro wa kidole huacha alama kwenye kioo. Fungua mipangilio, nenda kwenye maelezo kuhusu simu, tazama tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa imepita mwaka mmoja na hakuna jipya, simu hiyo iendelee na mtandao wa pili lakini barua pepe ya ofisi isikae humo. Programu zipakuliwe kutoka Play Store au App Store tu. Faili za APK, yaani programu za Android zinazosakinishwa bila kupitia Play Store, zinazorushwa kwenye vikundi, GBWhatsApp ikiwa mojawapo, hazina anayezikagua. Programu za mikopo zinazoomba orodha yako yote ya majina zinaomba pia namba za wateja wa ofisi. Kwenye WhatsApp, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa: kuna watu ambao WhatsApp yao bado imefunguka kwenye kompyuta ya mapokezi ya kazi waliyoiacha.

Futa kwenye simu majina ya Wi-Fi za wazi ulizowahi kujiunga nazo, za mikahawa na matatu. Simu hujiunga yenyewe ikilisikia jina inalolijua, na jina halina hakimiliki, yeyote anaweza kulirusha. Bluetooth izimwe kama huna kifaa cha sikioni.

Hatua ya 6: Stima ikipotea

Stima ikipotea, ruta inazimika na vipakatalishi vinabaki na betri. Mtu anawasha hotspoti ya bando lake na wenzake wanajiunga. Stima inarudi, lakini kompyuta za ofisi zinaendelea kushika ile hotspoti, pengine nayo haina nywila ya maana. Kompyuta iliyo na kebo ya ofisi upande mmoja na hotspoti upande wa pili ni kama nyumba iliyofungwa mlango wa mbele na kuachwa wazi wa nyuma.

Dawa ya bei nafuu ni kuiwekea ruta betri ndogo ya akiba. Ikishindikana, hotspoti ziwe na WPA2 na nywila ndefu, na kompyuta ya kazi iambiwe isijiunge yenyewe. Kuchaji simu kwenye USB ya kompyuta ya mhasibu nako kukome. Tundika kisambaza umeme chenye soketi za kutosha na hakuna atakayetamani ile USB.

Hatua ya 7: Karatasi moja

Usinakili sera ya kurasa thelathini kutoka kwenye intaneti. Ukurasa mmoja, Kiswahili rahisi, usainiwe na kila mmoja kuanzia kwa mkurugenzi. Useme simu zinatumia mtandao upi, data gani ya ofisi inaruhusiwa kukaa kwenye simu, na nani wa kupigiwa simu ikipotea.

Useme pia ofisi hairuhusiwi kufanya nini. Faragha ya mfanyakazi inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kuwa kwenye Wi-Fi yako hakukupi ruhusa ya kufungua picha zake. Kama ofisi ina uwezo wa kufuta data kutoka mbali, karatasi iseme wazi kwamba itafuta akaunti ya kazi peke yake. Watu wakijua mpaka huo, watakubali mengine. Wasipoujua, watakuletea simu ya pili ya kukaguliwa na kuficha ile ya kwanza.

Hatua ya 8: Simu ikiibwa

Simu imenyakuliwa na mtu wa pikipiki pale Kondele. Fanya kwa mpangilio huu, ukitumia kifaa cha mwenzako:

Kwanza ifunge simu kutoka mbali kwa huduma ya Google au Apple. Halafu piga kwa kampuni ya simu wafunge laini, kwa sababu laini ndiyo inayopokea namba za kuthibitisha za M-Pesa na za benki. Badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine zote, maana nyingine zote hurejeshwa kupitia barua pepe. Ondoa simu ile kwenye akaunti za kazi. Mjulishe msimamizi wa ofisi. Baadaye nenda polisi uandikishe kwenye OB, daftari lao la matukio, ukiwa na IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15 inayopatikana kwa kubonyeza *#06#. Bila shaka huwezi kuibonyeza kwenye simu iliyokwisha ibwa, kwa hiyo ofisi ichukue IMEI za wote leo, siku ya kusaini karatasi.

Kama simu ilikuwa na data ya wateja au wagonjwa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, sheria ya 2019 inaitaka ofisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Saa hizo ni chache kuliko zinavyoonekana tukio likiwa la Ijumaa jioni. Ndiyo sababu anayeripoti mapema asiadhibiwe. Mtu anayeogopa kukatwa mshahara atakaa na habari mpaka Jumatatu akitumaini kuipata simu sokoni Kibuye.

Hatua ya 9: Kabla radi haijapiga

Huku ziwani radi ni jambo la kawaida, na ruta huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuungua. Kampuni ya intaneti inaleta nyingine, fundi wao anaichomeka, anasoma nywila ya kibandiko kwa sauti, na ofisi nzima inajiunga, simu na kompyuta pamoja. Kila ulichojenga kimeondoka na ruta ya zamani.

Leo ingia kwenye mipangilio, hifadhi nakala ya akiba kwenye kompyuta ya kazi, na uchapishe kwenye karatasi majina ya mitandao, aina ya usalama, na vilivyozimwa. Nakala hiyo huenda isikubalike kwenye ruta ya aina nyingine, na hapo karatasi ndiyo itakayokusaidia. Siku ruta mpya ikifika, mapokezi waambiwe wasitoe nywila kwa yeyote, awe mwenyekiti au nani, hadi hatua ya 2 na ya 3 zimerudiwa na jaribio la printa limefanywa upya.